Wasomaji Wanauliza: “After the Documents Verified” Ina Kosa Gani?

Barua za toleo hili zinahusu jambo moja la sarufi ya Kiingereza, nalo ni namna umbo la tatu la kitenzi, lile ambalo wanafunzi hulikariri mwishoni mwa “write, wrote, written”, linavyoieleza nomino iliyomo ndani ya kirai kihusishi, yaani kirai kinachoanza na neno kama “in”, “on”, “with”, “after” au “under”. Makosa ya aina hii yamejaa katika barua za kazi, matangazo na tafsiri zetu, na mengi yanatokana na mazoea mema kabisa ya Kiswahili yanayohamishiwa mahali yasipofaa. Kwa sababu hiyo nimeyapa maswali haya safu nzima.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni karani wa masijala katika ofisi moja hapa Dodoma. Niliandika katika barua: “You will be paid after the documents verified.” Mkuu wangu aliirudisha barua ikiwa na duara jekundu kwenye sentensi hiyo, bila maelezo. Kwa Kiswahili ningesema “Utalipwa baada ya nyaraka kuhakikiwa”, na naona kila neno la Kiswahili lina mwenzake katika Kiingereza changu. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Kosa limetokana na hicho kirai cha Kiswahili ulichokitaja, ambacho chenyewe hakina dosari yoyote. Unaposema “baada ya nyaraka kuhakikiwa”, kiini cha kirai ni kitenzi-jina “kuhakikiwa”, na nyaraka ni kitu kinachotendwa katika tukio hilo. Kihusishi “baada ya” kimelishika tukio zima. Ndiyo maana ukiondoa “kuhakikiwa” na kubakiza “baada ya nyaraka”, msomaji atakuuliza nyaraka hizo zimefanya nini au zimefanywaje.

Kiingereza cha leo hakiiruhusu “after” ifanye kazi hiyo kwa kuwekewa nomino na umbo la tatu la kitenzi peke yake. Katika mpangilio huo, kihusishi huishika nomino, nayo nomino ndiyo kiini, na umbo la tatu hubaki kuwa kivumishi kinachoambatana nayo. Kwa hiyo msomaji wa Kiingereza anapokutana na “after the documents verified”, anasikia “baada ya nyaraka zilizohakikiwa”, kisha anasubiri kuambiwa ni baada ya nyaraka hizo kufanywa nini. Maneno hayohayo yanaweza kuwa sahihi kabisa mahali pengine. Tuseme mwenyekiti anapanga ajenda za kikao na kuandika: “We shall discuss the complaints after the documents verified last week.” Hapo malalamiko yatajadiliwa baada ya zile nyaraka zilizohakikiwa wiki iliyopita; anachozungumzia ni mfuatano wa ajenda, na wala hasemi kwamba kuna uhakiki unaosubiriwa.

Sentensi yako inaweza kurekebishwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuifanya “after” kuwa kiunganishi na kuipa kishazi kamili chenye kitenzi kilichonyambuliwa kwa wakati: “after the documents have been verified”. Ya pili ni kulitaja tukio lenyewe kwa nomino: “after verification of the documents”. Ofisi nyingi huipenda hii ya pili, lakini mimi ningekushauri uitumie ya kwanza, kwa sababu inamweleza msomaji waziwazi kwamba uhakiki utakuwa umekwisha, na kwa sababu barua iliyojaa nomino za namna ya “verification”, “submission” na “completion” humchosha anayeisoma kabla hajafika kwenye jambo linalomhusu. Jihadhari na njia ya tatu ambayo wengi huikimbilia, yaani “After being verified, you will be paid.” Sentensi hiyo inasema kwamba wewe mlipwaji ndiye utakayehakikiwa.

Angalia pia kwamba “after”, “before”, “since” na “until” zinaweza kuwa vihusishi au viunganishi, kwa hiyo zinakupa nafasi ya kuweka kishazi kamili. “Due to”, “because of”, “despite” na “during” hazina nafasi hiyo. Anayetaka kusema “kwa sababu ya barabara kufungwa” hawezi kuandika “due to the road closed”. Ataandika “because the road is closed” au “due to the closure of the road”.

Hata hivyo kuna vihusishi viwili vinavyokwenda kinyume na haya niliyoyasema, na usipovijua utadhani kila “nomino na umbo la tatu” ni kosa. Vihusishi hivyo ni “with” na “without”. Katika “With the documents verified, payment can be made”, kirai kizima ni sahihi, na maana yake ni “Kwa kuwa nyaraka zimekwisha kuhakikiwa, malipo yanaweza kufanyika”. Vivyo hivyo “He stood with his hands tied” ni “Alisimama mikono ikiwa imefungwa”, na “They took the town without a shot fired” ni “Waliuteka mji bila risasi hata moja kufyatuliwa”. Hapa kihusishi kinashika hali nzima, karibu sana na jinsi “baada ya” yetu inavyofanya.

Unaweza kuzitambua aina hizi mbili kwa jaribio jepesi: liondoe umbo la tatu, kisha usome kinachobaki. Katika “in the letter written yesterday”, ukiondoa “written yesterday” unabaki na “in the letter”, kirai chenye maana timamu. Katika “With the door locked, we waited outside”, ukiondoa “locked” unabaki na “With the door, we waited outside”, kana kwamba tulikaa nje pamoja na mlango. Pale maana inapoporomoka, umbo la tatu lilikuwa linabeba tukio au hali. Pale inaposimama, lilikuwa kivumishi tu. Linganisha pia “With his tied hands he pushed the door” na “With his hands tied he could not push the door”. Katika sentensi ya kwanza mikono ndiyo iliyotumika kusukuma, na kufungwa kwake ni sifa yake. Katika ya pili kufungwa kwa mikono ndiko kulikomzuia.

Ukitumia “with” kwa namna hii, zingatia pia tofauti ya “with the road repaired” na “with the road being repaired”. Ya kwanza inasema barabara imekwisha kutengenezwa. Ya pili inasema matengenezo yanaendelea. Dereva anayesoma tangazo angependa sana kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

Swali: Hujambo Mwalimu. Ninafanya kazi katika afisi moja Nakuru. Tumezoea kuandika “Please forward this letter to the concerned officer.” Mwenzetu mmoja anasisitiza kwamba ni lazima iwe “to the officer concerned”. Je, si ni kivumishi kilekile, kiwe mbele au nyuma ya nomino?

Jibu: Sijambo. Mwenzenu yuko sahihi, japo mwandiko wenu umeenea kiasi kwamba wengi wataelewa mlichokusudia. “The officer concerned” ni afisa anayehusika na jambo hili. “The concerned officer”, kwa msomaji aliyezoea Kiingereza cha Uingereza, ni afisa mwenye wasiwasi. Vivyo hivyo “the people involved” ni watu wanaohusika, ilhali “an involved explanation” ni maelezo yenye kutatanisha. “At the time given” ni saa ile iliyotajwa, ilhali “at a given time” ni wakati fulani, wowote ule.

Lakini hayo ni maneno machache yenye tabia yao, na ningependa uone kanuni iliyo chini yake, kwa kuwa ndiyo itakayokusaidia kwa maneno mengine yote. Umbo la tatu linapokaa mbele ya nomino, mara nyingi huitaja nomino kwa aina yake au kwa sifa iliyokwisha kutulia ndani yake. Linapokaa nyuma ya nomino, hulirejelea tendo lililofanyika, pamoja na mtendaji wake, mahali pake au wakati wake. Msemaji wa Kiswahili anayo tofauti hii kinywani kila siku, hasa jikoni. Mwenye hoteli anayeandika orodha ya vyakula huandika “samaki wa kukaanga”, “mayai ya kuchemsha”, “viazi vya kukaanga”. Anataja aina ya chakula. Hasimulii kwamba kuna mtu aliyesimama jikoni asubuhi akakaanga. Mteja akiuliza samaki hawa wamepikwaje, hapo ndipo utakaposikia “samaki waliokaangwa kwa mafuta ya nazi”. Kiingereza kinafanya jambo hilohilo kwa kubadili nafasi ya neno: “rice with fried fish” ni wali na samaki wa kukaanga, na “rice with fish fried in coconut oil” ni wali na samaki waliokaangwa kwa mafuta ya nazi. Maagizo ya afya nayo yako hivyo. “In boiled water” ni katika maji ya kuchemsha. “In water boiled for ten minutes” ni katika maji yaliyochemshwa kwa dakika 10.

Katika mifano hiyo utaona jambo jingine lisilo na hiari. Umbo la tatu likishabeba mzigo wake, kama “in coconut oil” au “for ten minutes”, haliwezi tena kukaa mbele ya nomino. Ndiyo maana sheria huweza kusema “in the prescribed manner” au “in the manner prescribed” bila tofauti kubwa ya maana, lakini ikitaja kifungu cha sheria inabaki na njia moja tu, “in the manner prescribed by section 5”. Mtu aliyezoea kuandika “in the attached to this letter form” ameitafsiri fikra yake kwa mpangilio ambao Kiingereza hakina; aandike “in the form attached to this letter”.

Yako maneno yaliyokwisha kuganda nyuma ya nomino hata yasipobeba chochote. Hati za madai na za malipo zimejaa mifano ya hayo: “for services rendered”, yaani kwa huduma zilizotolewa, “for goods sold and delivered”, yaani kwa bidhaa zilizouzwa na kufikishwa, “for value received”, yaani kwa thamani iliyopokelewa. Usijaribu kuyageuza. Neno “left” kwa maana ya kubaki nalo halitangulii nomino kamwe: “with the money left” ni kwa fedha zilizobaki, na “left” likitangulia nomino, msomaji atafikiria upande wa kushoto.

Swali: Mwalimu, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Tanga. Naona “a dinner for the retired teachers” inakubalika, lakini “a dinner for the arrived guests” inasahihishwa. Vitenzi vyote viwili havina kauli ya kutendwa. Kwa nini kimoja kipite na kingine kizuiwe?

Jibu: Umeliona jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulipita. Umbo la tatu mbele ya nomino kwa kawaida lina maana ya kutendwa, lakini lipo kundi dogo la vitenzi visivyo na yambwa, yaani kitu kinachotendwa, ambavyo umbo lao la tatu huonyesha kwamba mtu au kitu kimekwisha kubadilika na sasa kina hali mpya. Mwalimu aliyestaafu ana hadhi mpya ya ustaafu. Mfungwa aliyetoroka yu mtoro, majani yaliyoanguka yamelala chini, ndege aliyetoweka haonekani tena; ndiyo maana tunaweza kusema “for escaped prisoners” na “under fallen leaves”. Kufika hakumpi mgeni hadhi ya namna hiyo, kwa hiyo “arrived” peke yake haikai mbele ya nomino, mpaka uiongezee kielezi: “for the newly arrived guests” ni sahihi. Kulala na kulia hazibadilishi hadhi ya mtu hata kidogo, na hakuna kielezi kitakachoifanya “the slept child” ikubalike.

Swali: Ninafasiri nyaraka za kisheria. Katika fomu moja niliyopewa kulikuwa na agizo hili: “Apply with a copy of the contract signed by the director.” Nilifasiri “nakala ya mkataba uliosainiwa na mkurugenzi”. Mteja anasema alikusudia nakala ndiyo isainiwe. Nani mwenye haki?

Jibu: Nyote wawili mna haki, na hilo ndilo tatizo la agizo lenyewe. Umbo la tatu la Kiingereza halina upatanisho wa kisarufi. “Signed” ni “signed” iwe inaeleza nomino ya umoja au ya wingi, ya karibu au ya mbali, na katika kirai chenye nomino mbili au tatu zilizofuatana, msomaji hana alama yoyote ya kumwambia ni ipi inayoelezwa isipokuwa ukaribu wa maneno na ujuzi wake wa mambo. Wewe ulifuata ukaribu, na mfasiri makini hana la kulaumiwa kwa hilo, ingawa ningependa uwe na desturi ya kumrudia mteja kila unapokutana na sentensi ya aina hii, kabla hujaandika chochote.

Tazama jinsi Kiswahili kinavyomlazimisha mfasiri kuchagua. “Nakala ya mkataba uliosainiwa” ina kiambishi “u-” cha mkataba. “Nakala ya mkataba iliyosainiwa” ina kiambishi “i-” cha nakala. Herufi moja inatosha kuamua kama mkurugenzi alisaini zamani, siku mkataba ulipofungwa, au kama anapaswa kuchukua kalamu leo na kusaini karatasi iliyotoka kwenye mashine ya kunakili. Mwombaji anayepeleka cheti kwa wakili hukutana na jambo hilohilo: “nakala ya cheti iliyothibitishwa” na “nakala ya cheti kilichothibitishwa” ni karatasi mbili tofauti, na ofisi inayopokea maombi huhitaji ile ya kwanza.

Mara nyingine ujuzi wa mambo hutosha kuondoa shaka. Katika “under the Treaty for the Establishment of the East African Community signed in Arusha on 30 November 1999”, nomino iliyo karibu zaidi na “signed” ni “Community”, lakini hakuna anayedhani kwamba jumuiya ilitiwa saini. Tukifasiri, viambishi vitamaliza kazi: “chini ya Mkataba wa Kuanzishwa kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999”. “U-” inaruka juu ya jumuiya na kuanzishwa, ikaenda moja kwa moja kwa mkataba. Lakini usikitegemee Kiswahili kupita kiasi. Nomino mbili zikiwa za ngeli moja, kama katika “nakala ya barua iliyosainiwa”, utata unarudi uleule, na itakubidi uandike “nakala iliyosainiwa ya barua”.

Kwa anayeandika fomu kwa Kiingereza, tiba ni kulipeleka umbo la tatu mbele ya nomino yake kila linapokuwa peke yake: “a signed copy of the contract” ni nakala iliyosainiwa, na “a copy of the signed contract” ni nakala ya mkataba uliosainiwa. Hakuna atakayekosea kuzisoma. Akitaka kumtaja mkurugenzi, hatakuwa na nafasi hiyo, kwa sababu “by the director” itaiburuta “signed” nyuma, na utata utarudi. Hapo avunje sentensi: “Attach a copy of the contract. The copy must be signed by the director.” Sentensi mbili fupi hazimpunguzii mwandishi heshima, na zinamwokoa mwombaji nauli ya kurudi mara ya pili.

Swali: Ninasoma fasihi ya Kiingereza chuoni, Mombasa. Mhadhiri ametupa beti za John Milton, mshairi wa Uingereza wa karne ya 17, zenye maneno “After the Tuscan mariners transformed”. Nimetafuta kitenzi cha sentensi hiyo nimekikosa. Je, ni mabaharia waliobadilika, au waliobadilishwa, na kwa nini hakuna “were”?

Jibu: Swali lako limenifurahisha kuliko yote, kwa sababu Milton anaandika hapa kile ambacho karani wa Dodoma amekatazwa kukiandika. Maneno hayo yamo katika mchezo wake wa kishairi unaojulikana kwa jina la Comus, ulioigizwa kwa mara ya kwanza katika ngome ya Ludlow, Uingereza, tarehe 29 Septemba 1634. Habari inayosimuliwa ni ya Bacchus, mungu wa mvinyo wa Wagiriki na Warumi, ambaye katika hadithi zao za kale aliwageuza mabaharia waliomteka kuwa pomboo. Kwa hiyo walibadilishwa, na “transformed” ni umbo la tatu katika kauli ya kutendwa. Hukukiona kitenzi cha kishazi kwa sababu hakipo. “After” hapa ni kihusishi, na kirai kizima maana yake ni “baada ya mabaharia wa Toscana kugeuzwa”.

Milton hakuutoa mpangilio huu katika Kiingereza cha watu wa sokoni. Aliutoa katika Kilatini, lugha aliyoijua kiasi kwamba kuanzia mwaka 1649 aliajiriwa na serikali ya Uingereza kuandika barua zake kwa mataifa ya nje kwa lugha hiyo. Katika Kilatini, kihusishi kikifuatwa na nomino yenye kivumishi cha kitenzi katika kauli ya kutendwa, kirai chote kinaweza kumaanisha tukio. Mfano unaojulikana zaidi ni “ab urbe condita”, jina lililopewa historia ya Roma iliyoandikwa na Livy, ambalo neno kwa neno ni “tangu mji ulioasisiwa”, lakini maana yake ni “tangu mji kuasisiwa”. Mapokeo ya Warumi yanaupa uasisi huo mwaka 753 K.K. Hata namna ya Kilatini ya kuhesabu miaka, “post Christum natum”, imejengwa hivyo, yaani baada ya Kristo kuzaliwa.

Ukishaujua mpangilio huu utauona tena kwa Milton. Katika kitabu cha kwanza cha Paradise Lost, utenzi uliochapishwa mwaka 1667, ameandika “never since created man”. Anayelisoma neno kwa neno atapata “kamwe tangu mwanadamu aliyeumbwa”, maneno yasiyokamilika. Maana iliyokusudiwa ni “kamwe tangu mwanadamu kuumbwa”. Angalia kwamba hapa umbo la tatu limetangulia nomino na bado linabeba tukio, jambo ambalo hata “with” ya leo hailifanyi. Jina la utenzi huo nalo linasomeka vizuri zaidi kwa njia hii. Mada yake ni kupotea kwa pepo: jinsi ilivyopotea, nani aliyeipoteza, na kwa nini.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna bahati katika beti hizi. Msomaji wa Kiingereza cha leo hulazimika kuvigeuza virai hivyo ndani ya kichwa chake, na wahariri humwandikia maelezo pembeni ili asipotee. Wewe unaweza kuyafuata maneno ya Milton yalivyopangwa, kihusishi kwanza, kisha mabaharia, kisha kugeuzwa, na yakakupa sentensi ya Kiswahili isiyohitaji kusahihishwa. Katika mtihani eleza mambo mawili: kwamba “after” ni kihusishi na si kiunganishi, na kwamba kiini cha maana ni tendo la kugeuzwa na si mabaharia. Usiandike kwamba Milton “ameacha were”, maana hakuna alichokiacha.

Swali: Mwalimu, tangazo la kazi linasema: “No reply will be given to applications received after 30 June.” Sasa ni mwezi Mei. Kama “received” ni umbo la wakati uliopita, mbona maombi hayo bado hayajapokelewa?

Jibu: “Received” katika kirai hicho haitaji wakati wowote. Jina ambalo Waingereza walilipa umbo hili, “past participle”, lenye neno la kuashiria wakati uliopita ndani yake, limewapotosha wanafunzi wengi. Kazi yake katika kirai kihusishi ni kuonyesha kutendwa na kukamilika, na wakati wenyewe hutolewa na kitenzi kikuu cha sentensi, hapa “will be given”. Maneno hayohayo, “to applications received after 30 June”, yangeweza kuandikwa mwezi Desemba kuhusu maombi ya mwaka uliopita, bila kubadilisha herufi: “No reply was given to applications received after 30 June.”

Kiswahili hakikupi uhuru huo, kwa kuwa kirejeshi chetu kwa kawaida kinabeba wakati ndani yake. Ukilifasiri tangazo la Mei, andika “maombi yatakayopokelewa baada ya tarehe 30 Juni hayatajibiwa”. Ukiifasiri ripoti ya Desemba, andika “maombi yaliyopokelewa baada ya tarehe 30 Juni hayakujibiwa”. Na ikiwa ni kanuni ya kudumu ya taasisi, isiyofungwa na mwaka wowote, kirejeshi kisicho na wakati ndicho kinachofaa: “maombi yapokelewayo baada ya tarehe 30 Juni hayajibiwi”.